Tairi la Nyuma Linapokwaruza Madigadi ya Kruza: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Madigadi ya nyuma ya kruza, yaani pikipiki ndefu yenye kiti cha chini, ni pana, nzito, na hushuka kulifunika tairi kuliko ilivyo kwenye pikipiki za aina nyingine. Ndiyo inayoipa pikipiki umbo lake, na ndiyo inayoacha mwanya mdogo kati ya chuma na mpira. Kwenye kruza nyingi madigadi hiyo imefungwa kwenye fremu, si kwenye swingamu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), kwa hiyo shokapu zinapobonyea gurudumu hupanda na madigadi hubaki palepale. Mwanya unaouona pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi sio mwanya utakaokuwapo ukipita kwenye tuta ukiwa na abiria mgongoni.

Malalamiko yanayorudiwa na wenye kruza hayazidi sita au saba, na karibu kila mmoja huanza kwa kulilaumu tairi. Mara nyingi tairi halina kosa. Liko pale linapoelekezwa na ekseli, bushi, beringi, shokapu na bolti za madigadi, na kimojawapo kati ya hivyo ndicho kilichohama. Kwa sababu hiyo sishauri mtu yeyote achukue grainda na kukata madigadi kabla hajajua ni kitu gani kimesogea.

Usomaji wa alama

Zima injini, weka gia huru, inua gurudumu la nyuma kwa jeki iliyo imara, kisha ifunge pikipiki kwa mikanda ili isianguke. Lizungushe gurudumu kwa mkono. Usilizungushe kamwe kwa nguvu ya injini huku mkono ukiwa karibu na cheni, mkanda au spoki, kwani vidole hukatika hapo kwa kufumba na kufumbua.

Chukua tochi, uangalie ndani ya madigadi na juu ya tairi. Mkwaruzo ulio juu, katikati ya njia ya tairi, unaonyesha kwamba gurudumu linapanda kupita kiasi. Ukiwa ubavuni, upande mmoja tu, gurudumu au madigadi imehama kushoto au kulia. Ukiwa mbele, karibu na swingamu au kisanduku cha betri, gurudumu limevutwa mbele mno. Mstari mwembamba ulionyooka katikati ya tairi, kana kwamba umechorwa kwa msumari, karibu kila mara ni kazi ya kichwa cha bolti, na bolti yenyewe utaikuta inang'aa kama fedha huku wenzake wakiwa na kutu na matope.

Ili kujua mwanya halisi pikipiki ikiwa na mzigo, kanda unga wa ngano mgumu kidogo, kama wa chapati, utengeneze madonge manne yenye unene wa vidole viwili. Yabandike ndani ya madigadi iliyosafishwa na kukaushwa: moja juu kabisa, moja mbele na moja kila ubavu. Paka tairi mafuta kidogo ya kula mahali litakapogusana na donge ili lisinate, na uyafute vizuri kwa sabuni baadaye, maana tairi lenye mafuta huteleza. Shusha pikipiki, wewe na abiria wako mkae, mwombe mtu wa tatu aishike, kisha muibonyeze kwa nguvu mara kadhaa. Ukiinua tena, pima kwa rula unene wa donge pale liliposhindiliwa. Mimi huwa sitoki barabarani ikiwa ubavuni kumebaki chini ya milimita 6, au juu chini ya milimita 15 katika kipimo hiki, kwa sababu tuta la barabarani hubonyeza zaidi ya watu wawili wanaojirusharusha kwenye kiti.

Kukwaruza kunakosikika abiria akipanda au ukipita kwenye tuta

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Kisababishi cha kwanza ni springi ya shokapu iliyoachwa kwenye mkao laini. Kruza nyingi zenye shokapu mbili zina pete yenye ngazi chini ya springi, na mwenye pikipiki anayeendesha peke yake huiacha ngazi ya kwanza kwa miaka. Igeuze kwa spana ya ndoano, ngazi moja baada ya nyingine, na uhakikishe kushoto na kulia zinalingana. Zikitofautiana, swingamu hupinda kidogo na unaweza kujitengenezea tatizo jipya la ubavuni. Angalia pia upepo wa tairi na uzito wa mzigo. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kruza haikuundwa kwa mshikaki.

Kisababishi cha pili ni bolti ndefu kuliko inavyotakiwa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiko nilikopoteza Jumamosi mbili. Pikipiki yangu ilikuwa Yamaha XVS650, ambayo hutumia tairi la 170/80-15 nyuma (upana wa milimita 170, ukuta wa asilimia 80 ya upana huo, rimu ya inchi 15), na ilikuwa ikitoa sauti fupi, "krr", kila nilipopita kwenye tuta na abiria. Nilikaza springi, sauti ikapungua bila kwisha. Nilipima tairi, nikalikuta sahihi. Mwishowe nilipoingiza kioo kidogo ndani ya madigadi niliona ncha ya bolti ya kibao cha namba ikichungulia karibu sentimita moja na nusu kupita nati yake. Aliyefunga kibao kabla yangu alikosa bolti fupi, akatumia aliyokuwa nayo. Niliikata, nikaifunga upya kwa kichwa cha duara kilicho bapa kikiwa upande wa tairi na nati ikiwa nje, na sauti ikaisha siku hiyohiyo.

Kosa hilo hutokea sana baada ya kufungwa kiegemeo cha abiria, vishikio vya mabegi ya pembeni au taa mpya, kwa kuwa kila kimoja huongeza unene wa chuma na fundi huongeza urefu wa bolti. Kanuni ni kwamba kichwa laini kinakaa ndani na nati inakaa nje, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine.

Kisababishi cha tatu ni shokapu iliyochoka. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachie: pikipiki ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, au ukiona mafuta yametiririka kwenye fimbo ya shokapu, basi haizuii tena mdundo, na gurudumu linafika mwisho wa safari yake katika kila shimo. Safari hiyo ni fupi kwenye kruza, mara nyingi haifiki milimita 110, kwa hiyo hakuna akiba ya kupoteza. Badilisha shokapu zote mbili kwa pamoja. Usijaribu kuifungua iliyojazwa gesi. Ndani yake kuna mgandamizo unaoweza kurusha vipande, na hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa.

Kisababishi cha nne ni kushushwa kwa pikipiki. Mtu hununua shokapu fupi ili kiti kikaribie ardhi, au hubadili viunganishi vya shokapu iliyofichwa chini ya kiti. Kwenye mfumo wa shokapu mbili zilizofungwa karibu na ekseli, tofauti ya urefu wa shokapu hukaribiana na tofauti ya kimo cha gurudumu. Kwenye mfumo wa shokapu moja iliyofichwa, kama ule wa XVS650, badiliko la milimita chache huzaa badiliko kubwa zaidi kwenye gurudumu. Harley-Davidson za Softail zilizotengenezwa hadi mwaka wa 2017 zina shokapu mbili zilizolala chini ya gia boksi na hufanya kazi kwa kuvutwa, si kubonyezwa, kwa hiyo mantiki ya "fupi inashusha" hugeuka juu chini. Anayeirefusha shokapu hapo ndiye anayeishusha pikipiki. Kwa pikipiki yoyote iliyoshushwa, kipimo cha kuaminika ni kuitoa springi au kuziondoa shokapu kwenye pikipiki, kulipandisha gurudumu taratibu kwa jeki hadi mahali shokapu ingefikia kikomo chake, na kupima mwanya hapo. Usipokuwapo, rudisha urefu wa awali.

Kukwaruza ubavu mmoja wakati wote

Anza na rahisi: je, pikipiki iliwahi kuangukia upande? Madigadi ya chuma hupinda bila rangi kuonyesha, na vibeba vyake vikilegea huegemea upande mmoja. Kaza bolti zote za madigadi, uisukume kwa mkono kushoto na kulia, uangalie kama inacheza. Pima pia kutoka ukingo wa madigadi hadi fremu pande zote mbili. Madigadi ikiwa ndiyo iliyohama, ilegeze, iweke katikati, ikaze.

Ikiwa madigadi iko sawa, geukia gurudumu. Kwenye kruza za cheni, kama Yamaha Virago 250 na Honda Rebel 250, kisababishi cha kawaida ni marekebisho ya cheni yaliyofanywa upande mmoja kuzidi mwingine. Alama zilizochongwa kwenye swingamu zinasaidia, ila sizitegemei peke yake. Pima kutoka katikati ya bolti ya egemeo la swingamu (pale inaposhikana na fremu) hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo viwe sawa. Njia ya uzi pia ni nzuri: funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute ncha zake mbili hadi mbele pembeni mwa tairi la mbele, kila ncha ikigusa ubavu wa tairi la nyuma kwenye ukingo wa nyuma na wa mbele pia, kisha ulinganishe nafasi kati ya uzi na tairi la mbele pande zote mbili. Kwa kuwa tairi la mbele ni jembamba, uzi hautaligusa. Unachotafuta ni nafasi mbili zinazolingana.

Kwenye kruza za shafti, ambazo gurudumu huzungushwa na fimbo ya chuma badala ya cheni, kama Honda Shadow VT750 ya Aero na hiyo XVS650, hakuna kirekebisho cha cheni cha kukosewa. Kwa hiyo ukwaruzo wa ubavuni uliozuka baada ya kutolewa gurudumu unakuambia moja kwa moja kwamba bushi za ekseli (vipande vya bomba vinavyoliweka gurudumu katikati) zimebadilishana pande, au moja imesahaulika chini ya benchi la fundi. Bushi ya kushoto na ya kulia mara nyingi zinatofautiana urefu kwa milimita chache, na hizo chache ndizo unazozitafuta. Linganisha na mchoro wa kitabu cha huduma.

Hatua inayofuata ni beringi. Gurudumu likiwa juu, lishike tairi juu na chini, ulisukume kwa kupokezana mikono. Gurudumu likicheza huku swingamu imetulia, beringi za gurudumu zimekufa. Swingamu yenyewe ikicheza pamoja na gurudumu, au ukisikia "tk" kwenye egemeo lake, beringi au bushi za swingamu zimekwisha. Katika hali zote mbili pikipiki isiendeshwe. Kubadilisha beringi za gurudumu kunawezekana nyumbani kwa mwenye zana na subira. Egemeo la swingamu, hasa kwenye pikipiki ya shafti, lipelekwe kwa fundi mwenye spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kitabu cha modeli hiyo.

Gurudumu la spoki lina kisababishi chake cha ziada. Aliyezivuta spoki upya anaweza kuwa ameiacha rimu imehama kutoka mstari wake juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Hutaliona hilo kwa macho. Hupimwa kwenye stendi ya kunyooshea rimu, na kunyooshwa na anayejua.

Kukwaruza kunakokuja na kwenda kila mzunguko

Sauti ikiwa "shh… shh… shh" na ikiongezeka kasi pamoja na gurudumu, kitu fulani kwenye gurudumu hakiko duara. Funga penseli au kipande cha waya kwenye swingamu, ncha yake ikikaribia rimu bila kuigusa, kisha uzungushe polepole. Mwanya kati ya ncha na rimu ukibadilika, rimu imepinda; vitabu vya huduma vya Honda kwa kawaida huweka kikomo cha milimita 2, kwa kupanda na kushuka na kwa kwenda kando pia. Mwanya usipobadilika kwenye rimu lakini ukabadilika kwenye tairi, tatizo ni tairi.

Angalia mstari mwembamba uliofinyangwa kwenye ubavu wa tairi karibu na rimu. Unatakiwa uwe umbali uleule kutoka ukingo wa rimu mzunguko mzima. Ukizama sehemu moja, tairi halikukaa vizuri lilipofungwa. Litolewe upepo, lipakwe maji ya sabuni, lijazwe tena bila kuvuka kipimo cha juu cha mtengenezaji. Likigoma, liache, kwa maana tairi linaloshindiliwa upepo kupita kiasi linaweza kupasuka na kuivunja mikono ya anayelijaza.

Ukiona uvimbe ubavuni au kwenye njia ya tairi, hapo hakuna cha kurekebisha. Nyuzi za ndani zimekatika au tabaka zimeachana. Tairi hilo halistahili hata kuipeleka pikipiki gereji. Ipakie kwenye gari.

Kukwaruza kulikoanza baada ya kuweka tairi jipya

Hapa hesabu inatosha. Tairi la 160/80-15, ambalo Shadow VT750 Aero hulitumia, lina ukuta wa asilimia 80 ya 160, yaani milimita 128. Mwenye pikipiki akivutiwa na umbo nene akaweka 170/80-15, ukuta huwa milimita 136. Amepoteza milimita 8 juu na takriban 5 kila ubavu. Kwa Virago 250 inayotoka kiwandani na 130/90-15, wengi huweka 140/90-15 kwa kuwa linapatikana: hapo hupotea milimita 9 juu na 5 kila upande. Kabla ya kununua, fanya kipimo cha madonge ya unga ukiwa bado na tairi la zamani, utoe hasara hiyo, na utaona kama kuna kinachobaki.

Hata saizi ikiwa ileile, chapa mbili zenye 150/80-16 zinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa, na tairi lilelile hutanuka zaidi likifungwa kwenye rimu pana. Tairi jipya pia hukua kidogo baada ya kujazwa na kutumika, na hukua tena kwa kasi kwa nguvu ya mzunguko. Ndiyo maana kuna wanaosema, "Inakwaruza nikivuka kilomita 100 tu, nikipunguza inaacha." Kukua huko kunaonekana zaidi kwenye matairi ya nyuzi za mshazari kuliko ya radiali (yenye nyuzi zilizokatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo). Kwa dalili hiyo punguza mwendo na urudi kwenye saizi ya kiwandani. Kukuna madigadi kwa ndani hakuondoi tatizo ambalo ukubwa wake hubadilika na kasi.

Kwenye kruza za mkanda, tairi pana huleta hatari isiyohusiana na madigadi: ubavu wake huufikia mkanda. Mkanda uliosuguliwa na tairi hukatika bila kutoa taarifa. Ukiona unga mweusi kando ya mkanda, usiiwashe pikipiki.

Kukwaruza kwa mbele, karibu na swingamu

Huja baada ya cheni mpya au sproketi kubwa ya nyuma. Cheni iliyofupishwa kiungo kimoja zaidi huilazimisha ekseli kwenda mbele kabisa ya tundu lake, na tairi hukaribia mwamba wa swingamu. Ongeza viungo ili ekseli ikae sehemu ya kati au nyuma kidogo ya tundu, urekebishe ulegevu wa cheni kama kitabu kinavyosema, uikaze ekseli kwa kipimo chake na uweke kota pini mpya, ile pini inayoizuia nati isilegee.

Taa ya nyuma kuzimika au fyuzi kuungua bila sauti yoyote

Wenye Harley-Davidson watalitambua hili haraka, ingawa si lao peke yao. Nyaya za taa ya nyuma na viashiria hupita ndani ya madigadi, zimeshikwa na vibano vidogo. Kibano kikibanduka, waya huning'inia na tairi huumenya ganda, shaba hugusa chuma, fyuzi huungua. Mtu hubadilisha fyuzi mara tatu, hubadilisha balbu, hununua swichi ya breki, na hajawahi kutazama juu ya tairi lake. Futa ndani ya madigadi kwa kitambaa kikavu, ufuate waya kwa kidole kutoka kwenye taa hadi chini ya kiti, uunge palipochunika kwa solda na mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha uurudishe ukingoni mwa madigadi kwa vibano vipya. Gundi ya kawaida haivumilii maji na matope; hubanduka mvua ya kwanza.

Mahali pa kusimama

Usiendelee mwenyewe ukikuta ufa kwenye swingamu, kwenye vibeba vya madigadi au kwenye fremu yenyewe. Kuchomelea swingamu si sawa na kuchomelea geti: joto hubadilisha uimara wa chuma na huikunja sehemu iliyotakiwa kunyooka. Simama pia ikiwa vipimo vya egemeo hadi ekseli vinalingana, bushi ziko sahihi, beringi ni nzima, na bado tairi linaegemea upande, kwa kuwa kilichobaki ni fremu au swingamu iliyopinda, na hiyo hupimwa kwenye jigi, kifaa cha karakana cha kushikilia na kupimia fremu.

Na ikiwa ukwaruzo umeanza ghafla ukiwa barabarani, usijaribu kufika nyumbani. Weka pembeni, mshushe abiria, angalia bolti za madigadi na za shokapu kabla ya kitu kingine. Madigadi iliyolegea nyuma inaweza kuvutwa na tairi na kuingizwa chini ya gurudumu, na gurudumu likajifunga katika mwendo. Ikiwa bolti ipo ila imelegea, ikaze uende polepole. Ikiwa imedondoka, funga madigadi kwa waya mgumu kwenye fremu mbali na gurudumu, uisukume pikipiki mpaka mahali salama, umpigie fundi simu.